Uji wa Bibi Durra

Wamesimulia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika bandari ile ya Uchina ambayo wafanyabiashara wa Kiislamu waliiita Zaituni palikuwa na muuza udi, jina lake Burhani bin Yaakub. Hakujulikana kwa mali wala kwa elimu. Alijulikana kwa tasbihi yake ya msandali, ambayo haikumtoka mkononi. Akipima ubani, anayo. Akizungumza na mteja, anayo. Akitembea kwenda msikitini, punje zinapita vidoleni moja baada ya moja. Watu walikuwa wakisema kwamba Burhani hapotezi hata pumzi moja bila kumtaja Mola wake. Naye aliposikia hivyo aliinamisha uso kwa unyenyekevu, na moyoni alifurahi kidogo. Tusimcheke, kwa maana na sisi tungefurahi.

Mkewe aliitwa Bibi Durra. Walioana wakiwa vijana, hawakujaaliwa mtoto, na wakazeeka pamoja katika nyumba ndogo ambayo sehemu yake ya mbele ilikuwa duka na ya nyuma makazi. Alikuwa mwanamke mcha Mungu na mcheshi, na vitu hivyo viwili vinaweza kukaa katika mtu mmoja bila kugombana. Ile tasbihi aliibandika jina: akiiita mke mwenzangu. Mumewe akichelewa kula humuuliza kama mke mwenza amempa ruhusa. Burhani hucheka, hula, kisha huirudia tasbihi yake.

Basi asubuhi moja Bibi Durra alikuwa akikanda unga, na ghafla mkono wa kulia ukamlegea. Alipotaka kumwita mumewe, ulimi ulikuwa mzito na mdomo umekwenda upande. Kilikuwa kiharusi. Tabibu aliyeletwa alimtazama kwa muda mrefu, kisha akamwambia Burhani ukweli: mkono na mguu huenda visirudi, lakini mgonjwa ataishi akiweza kula. Koo lake limedhoofika. Alishwe uji mwepesi wa mchele, taratibu, na kila kijiko kingoje kilichotangulia kishuke. Akiharakishwa atapaliwa, na akiacha kula hatadumu.

Haki ya mtu tumpe. Burhani hakukimbia wala hakununa. Alimwosha mkewe, alimgeuza asipate vidonda, alimpikia uji kwa mikono yake iliyokuwa haijui hata mahali chumvi inapokaa. Alipouunguza mara ya kwanza, aliukorogea maji mengine akampelekea hivyohivyo. Majirani walisikia harufu wakaleta wao.

Tatizo lilikuwa uradi. Kwa miaka mingi alikuwa na nyiradi zake za baada ya kila swala, alizozipokea kwa mwalimu wake na kuahidi kuzishika, na sasa kila alipokaa kuzianza mgonjwa alihitaji kitu. Alihangaika sana. Kisha akapata rai ambayo aliiona ni tunu: angemlisha mkewe kwa mkono wa kulia na kuvuta tasbihi kwa mkono wa kushoto. Kila punje tatu, kijiko kimoja. Hivyo Mola angepata haki yake na mke angepata yake, wala hakuna dakika ambayo ingekwenda bure.

Alimweleza hayo imamu wa msikiti wao, Sheikh Mughira, mzee mpole aliyependwa na watu. Sheikh akafurahi mno, na siku ya Ijumaa akamtolea mfano mbele ya waumini, kwamba huyu ndiye mtu anayejua thamani ya umri wake. Watu wakamshika Burhani mkono, wakamwombea dua. Kosa kama hili, ndugu zangu, haliwezi kufanywa na mtu asiyeswali. Hili ni letu sisi tunaopenda ibada.

Kwa maana kijiko sasa kilikuja pamoja na punje. Punje tatu zikipita, kijiko kiko mdomoni, awe Bibi Durra amemeza au hajameza. Macho ya Burhani yalikuwa ukutani na midomo yake ikitikisika. Siku nyingine uji ulikuwa wa moto na hakujua. Siku moja Bibi Durra alipaliwa, akakohoa mpaka machozi yakamtoka, na Burhani akamfuta kidevu haraka akisema, "Samahani, Durra, nilikuwa karibu kumaliza mzunguko." Kusema kulikuwa kazi kwa mkewe, na pengine hata angeweza asingesema.

Sasa lililotokea ni hili. Alasiri moja Sheikh Mughira alipita dukani, na Burhani akamfungulia moyo wake. Pazia baina ya duka na chumba cha mgonjwa lilikuwa jembamba. Alisema kwamba hata kwa rai ile moyo wake umekauka, kwamba zamani alikuwa akisoma uradi na macho yakimlengalenga, na sasa hapati kitu. "Ibada yangu yote, Sheikh, inakatikia pale kitandani kwake," alisema. Sheikh akamwambia asubiri. Nyuma ya pazia Bibi Durra alikuwa macho, na alisikia kila neno.

Jioni ile kijiko kilipokuja, aliufunga mdomo.

Burhani alidhani mkewe ameshiba. Kesho yake alikunywa vijiko vichache, na siku zilizofuata akapunguza zaidi, mpaka ikawa analowesha midomo tu. Tabibu akaja tena, akachungulia koo, akapapasa shingo. Alimvuta Burhani pembeni akamwambia kwamba haoni kitu kipya. Mgonjwa anaweza kumeza, hataki tu, na ikiendelea hivi basi wajiandae. Burhani alirudi ndani. Alimpenda mkewe, asidhani mtu kwamba hakumpenda. Alipiga magoti akaomba, akazidisha uradi, akavuta tasbihi mbio kuliko zamani kwa nia ya kumponya, na kijiko nacho kikaenda mbio vilevile. Bibi Durra alimtazama tu, na mashavu yake yalizidi kuingia ndani.

Nje ya mji ule, mlimani, palikuwa na nyumba ya watawa wa Kichina walionunua udi kwa Burhani. Hao hufuata mwenendo ambao Wachina huuita Chan, na ulipovuka bahari hadi Japani ukaitwa Zen. Ndilo jina hilohilo ambalo leo utalikuta kwenye sabuni, kwenye majani ya chai na kwenye mito ya kukalia, na ambalo vijana wetu huniuliza habari zake baada ya darsa. Mimi si mjuzi wa dini za watu, na itikadi yao si itikadi yetu. Nijualo ni kwamba hujizoeza kukaa kimya tangu kijiti cha udi kiwashwe mpaka kiishe, kisha huinuka wakafagia, wakapika, wakaosha bakuli zao, na kazi hizo huzipa uzito uleule wa kule kukaa. Hawana kazi waiitayo ndogo.

Siku hizo za shida alikuja dukani mtawa mmoja wa huko, mpishi wao, mtu wa makamo, jina lake Puyin. Alikuwa mteja wa zamani na akijua lugha ya soko. Alimkuta Burhani nyuma ya pazia lililofungwa nusu, akimlisha mkewe, tasbihi mkono wa kushoto. Puyin akakaa juu ya gunia la ubani akangoja, kimya, mpaka Burhani akatoka na bakuli ambalo lilikuwa bado limejaa.

"Nani alikuwa akimlisha mkeo?" Puyin akauliza.

Burhani akashangaa. Akamjibu kwamba ni yeye mwenyewe, nani mwingine?

"Kijiko nimekiona," akasema yule mtawa. "Mtu sikumwona."

Alilisema bila kebehi, kama anayemjulisha mwenzake kwamba mlango wake uko wazi. Burhani hata hivyo alichomwa. Alipima udi kwa mikono mizito, akaona hautoshi kiasi alichoagizwa, akaahidi kupeleka uliobaki mlimani mwenyewe, na alipoondoka mgeni akabaki akinung'unika. Mtu asiyejua hata kibla kiko wapi, anamfundisha yeye habari za kumhudumia mgonjwa? Akaleta istighfari kwa hasira, na istighfari ya hasira, kama mjuavyo, haimtulizi mtu.

Shehena mpya ya udi ilipofika, alimwomba jirani mmoja wa kike akae na Bibi Durra, naye akapanda mlima na mzigo wake. Hakuingia mahali pao pa ibada. Alizunguka nyuma, penye jiko, na hapo kizingitini akasimama.

Puyin alikuwa amekaa juu ya kigoda mbele ya mzee mkongwe, mwalimu wao wote pale, asiye na jino hata moja na mikono yake ikitetemeka asiweze kushika bakuli. Alikuwa akimlisha uji. Alichota, akapuliza, akagusisha kijiko kwenye mdomo wake mwenyewe apime moto. Kisha akakiinua, na kilipokuwa kikimkaribia mzee, mdomo wa Puyin nao ukafunguka. Mmewaona akina mama wakilisha watoto? Kijiko kinamwendea mtoto, na mama naye anafungua mdomo, na ukimwambia atakataa. Ndivyo alivyokuwa mtu mzima yule. Mzee alipofunga, naye akafunga. Mzee alipomeza, koo la Puyin likashuka pamoja na lake.

Kengele ikalia. Watawa wengine wakaacha walichokuwa wakifanya wakaenda kukaa. Puyin hakugeuka. Burhani aliweka mzigo chini, na swali likamtoka kabla hajalipima.

"Wenzako wameitwa kwenye ibada," alisema. "Hii yako utailipa lini?"

Puyin alimtazama kama mtu aliyeulizwa njia ya kwenda mahali alipokwisha simama. "Mwalimu hajamaliza kula," akajibu.

"Na unapomlisha, moyoni unasoma nini?"

"Naangalia uji usiwe na moto. Naangalia koo lake, limeze kabla sijachota tena." Akafikiri kidogo, kama anayepekua asije akaficha kitu. "Basi. Hapo hapabaki nafasi ya jambo jingine."

Yule mkongwe akafungua mdomo kungojea kijiko, na Puyin akamrudia. Burhani aliteremka mlima bila kukumbuka tasbihi mfukoni mwake, na hilo lilikuwa halijamtokea tangu ujana.

Hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alimwendea Sheikh Mughira, akamweleza yote. Alikuwa na hofu mbili: ya mkewe, na ya dini yake. Alisema, "Sheikh, nimefundishwa na mtu asiye wa mila yetu. Nimekosea kusikiliza?"

Sheikh Mughira alimkalisha karibu naye. Kisha akasema, "Hakukufundisha yake. Amekukumbusha yako."

Akamuuliza kama anaikumbuka hadithi ya Mtume wetu, rehma na amani zimshukie, ya kwamba kila atoacho mtu kwa ajili ya Mwenyezi Mungu ana ujira wake, hata tonge analomtilia mkewe kinywani. Burhani akasema anaijua tangu chuoni. Akamuuliza kama anajua ihsani ni nini. Burhani akasema ni kumwabudu Mwenyezi Mungu kana kwamba unamwona, na ikiwa humwoni, basi Yeye anakuona. Alijibu vizuri, kwa ufasaha, na machozi yalikuwa yameanza kumtiririka.

"Tulikuwa tukiyajua, basi, mimi na wewe," akasema Sheikh. "Nami nilikusifu juu ya mimbari. Nisamehe, ndugu yangu. Swala zako tano zishike kwa wakati wake, hizo hazina badala. Lakini uradi unaweza kumngoja mgonjwa alale. Mgonjwa hawezi kuungoja uradi uishe."

Burhani alirudi. Alipopita dukani aliitoa tasbihi mfukoni, akaibusu, akaitundika kwenye msumari wa mizani. Kisha akapika uji, safari hii akisimama juu yake asiuache, akauchuja, akakaa kitandani karibu na mkewe, mikono yake miwili ikiwa na bakuli na kijiko tu.

Bibi Durra aliutazama mkono wa kushoto. Alitazama tena. Kwa ulimi ule mzito, neno baada ya neno, akauliza, "Mke mwenzangu... yuko wapi?"

"Nimemwacha dukani," Burhani akasema, na papo hapo akalia. Alimwambia mkewe ukweli wote bila kujipamba: kwamba siku zote hizi alikuwa hayupo, kwamba alikuwa akimpitishia kijiko kama anayetia mafuta kwenye taa, na kwamba mkewe alipopaliwa, yeye aliihofia hesabu yake kwanza. Aliomba radhi kama aombavyo mtoto.

Bibi Durra naye machozi yalimshuka, la jicho la kulia likishindwa kufutika maana mkono wa upande ule haukuinuka. "Nilisikia," akasema. "Pale dukani. Nikasema... nikupishe. Uende kwa Mola wako."

Ndipo Burhani alipoelewa mkewe alikuwa akielekea wapi, na kwa ajili ya nani. "Durra," akasema, "umenipisha njia ambayo wewe ndiwe uliyekuwa mlango wake. Usiniache nikavuta uradi ndani ya nyumba tupu."

Msidhani kwamba hapo aliufungua mdomo, tukamaliza. Moyo uliokwisha kuaga haurudi kwa neno moja. Burhani alichota, akainua, mdomo ulibaki umefungwa. Akarudisha kijiko. Hakumsihi tena, hakumkemea, hakusoma kitu. Alikaa akimwangalia mkewe usoni, na aliona mambo ambayo hakuwa ameyaona: kwamba nyusi zake zimekuwa nyeupe, kwamba midomo imepasuka kwa ukavu, kwamba alikuwa mzuri. Akailowesha midomo ile kwa kitambaa. Uji ukapoa, akaenda kuupasha, akarudi. Adhana ya alasiri ikaadhiniwa, akatandika msala pembeni ya kitanda akaswali, na wasimulizi wanasema hakuwahi kupata utulivu katika swala kama wa siku ile. Uji ulikuwa umepoa tena, akaupasha tena.

Aliporudi akachota kidogo, akapuliza, akagusisha kijiko mdomoni mwake kupima moto. Akakiinua taratibu kuelekea kwa mkewe, macho yake yakiwa juu ya midomo ile iliyofungwa, na moyo wake wote ukiwa hapo. Naye bila kujua, mzee wa watu, mwenye ndevu zake na kilemba chake, akafungua mdomo.

Bibi Durra akamtazama. Pembe ya mdomo wake, ile ya upande wa kushoto iliyosalimika, ikaanza kucheza. Alijaribu kujizuia akashindwa, akacheka, kicheko cha nusu ya uso chenye sauti ya kukwaruza, na kucheka kukaufungua mdomo. Kijiko kikaingia. Burhani akangoja. Koo likashuka, na la kwake likashuka nalo.

Alikula vijiko vitano jioni ile, kesho yake zaidi, na kwa rehema za Mwenyezi Mungu aliishi miaka kadhaa baada ya hapo. Mkono haukurudi, lakini utani ulirudi wote. Mpishi wa mlimani alipokuja kununua udi alikaa juu ya gunia lake lilelile akangoja mpaka bakuli litoke, na likitoka tupu aliinamisha kichwa kidogo, nao wakazungumza bei. Tasbihi ilikaa msumarini mpaka mgonjwa alale, ndipo Burhani akaichukua. Alimwambia Sheikh kwamba macho yameanza tena kumlengalenga.

Kisha siku aliyoandikiwa Bibi Durra ilipofika, alifariki mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mumewe. Burhani aliishi peke yake, akarudi kwenye nyiradi zake ndefu, kwa kuwa sasa muda alikuwa nao mwingi kuliko alivyoutaka. Waliokuwa wakikaa naye msikitini wamesimulia kwamba kila alipoinua punje, kabla hajaivuta, mdomo wake ulifunguka kidogo, akangoja, kisha ndipo akaipitisha. Hakujua kwamba anafanya hivyo, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia.

Huyu ndiye mtu aliyetimiza uradi wake, ndugu zangu, na aliutimiza kwa kijiko. Sisi leo hatulishi kwa tasbihi, na afadhali ingekuwa tasbihi. Tunawalisha watoto na wazee wetu kwa mkono mmoja, na mkono wa pili una simu, nao wanatutazama kama Bibi Durra alivyotazama. Ukifika nyumbani na kuna mtu anayekungoja umpe maji, umpe kama mtu aliyepo. Mwenyezi Mungu atujaalie tuwepo pale anapotukuta.